Freni Nyekundu za Kalemie

Plakete za gari la Papa Barnabé zilianza kulia pale darajani Lukuga, zikalia mbele ya stesheni ya treni, zikalia mbele ya shule mpaka mwalimu akakatiza hesabu, na zilipofika kwenye garaji ya Augustin mji mzima ulikuwa umekwisha kusikia msiba wao. Plakete, kwa asiyezijua, ni vile vibamba viwili vya freni, yaani breki, vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Za Papa Barnabé zilikuwa zimelika mpaka chuma kinasaga chuma. Watu wengine walisikia kelele tu. Évariste Lumbwe, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akichokoa meno, alisikia simenti.

Maana Papa Barnabé alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ndani yake simenti ya Kabimba ilipangwa mpaka darini. Évariste naye alikuwa na kiwanja kule Kataki, na juu ya kiwanja kulikuwa na msingi wa nyumba uliofika magotini ukachoka. Mwaka wa nne huo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, na alilala kwenye chumba cha nyuma kwa dada yake mkubwa, Dorothée, ambaye kila asubuhi alimgongea mlango kwa swali lile lile: "Leo umeamka muntu, ao umeamka mugeni?"

Tuseme ukweli wake mapema, asije akaonewa. Évariste hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa amelala. Évariste alipewa vitu mchana, na aliyempa alimshukuru. Jina lake la ubatizo alikuwa amelifungia sandukuni karibu miaka ishirini, kama Wazaire wote, kwa amri ya serikali iliyokataza majina hayo na kravati, akaitwa Citoyen Lumbwe, yaani Mwananchi. Ruhusa iliporudi mwaka wa tisini, watu walitoa majina yao wakayavaa tena. Yeye alitoa jina, akatoa na kravati, na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari ndani ya sanduku, akajichomolea na cheo. Tangu siku hiyo aliitwa Ingénieur, yaani mhandisi.

"Papa, ni plakete njo zimekwisha," alisema Augustin, akiwa amechutama karibu na gurudumu. Augustin alikuwa fundi wa kweli, mtu wa maneno machache na mikono mingi. "Ulete plakete mupya, nafunga leo leo. Ni kazi ya saa moja."

Évariste akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua, kilikuwa kikohozi cha elimu.

"Plakete," alisema kwa huruma. "Augustin, ndugu yangu, unapenda kumufungia Papa Barnabé plakete? Papa Barnabé? Sawa na taxi?"

Papa Barnabé, mtu mnene mwenye gari aina ya 504, nyeupe, aliyoipenda kuliko wakwe zake, akageuza shingo. "Kwani watu wakubwa wanafunga nini?"

"Papa, plakete ni kiatu. Mguu njo etrie." Évariste akainama, akagusa kwa kijiti kile chuma kizito kinachokumbatia diski na kuzishika plakete. "Hii etrie yako ni ya kutoka kiwandani, ya kila muntu. Ukimuvalisha kilema kiatu kipya, atakimbia? Kule kwenye rali, magari yanayoshuka milima kama mawe, wanafunga etrie za mashindano. Nyekundu."

"Kwa nini nyekundu?"

"Joto, Papa. Freni ikipata moto, nyekundu inakula ule moto." Augustin aliangalia chini, Évariste akaendelea. "Na tena ziko na nguvu ya farasi mara mbili."

Papa Barnabé alifikiri. Hakuuliza habari za farasi. Aliuliza jambo moja tu, na hapo ndipo Évariste alipojua kuwa kuta zake zitapanda.

"Muntu akisimama inje ya gari, anaziona?"

"Papa, anaziona hata akiwa upande wa pili wa barabara. Zinachungulia katikati ya gurudumu."

"Na Célestin, iko nazo?" Célestin ndiye aliyeuza mabati, mkabala na duka la Barnabé, na alikuwa na 504 ya rangi ya maziwa iliyokuwa changa kuliko yake kwa miaka miwili.

"Papa Célestin!" Évariste alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayewasamehe wajinga. "Yeye anajua hata etrie ni kintu gani?"

"Funga," alisema Papa Barnabé.

Bei ilikuwa mifuko ishirini ya simenti. Pesa Évariste hakutaka, kwa sababu mwaka ule noti ya zaïre ililala ni pesa ikaamka ni karatasi. Papa Barnabé alipoondoka kwa miguu, Augustin alijifuta mikono taratibu.

"Sasa etrie nyekundu ziko wapi?"

Évariste akaonyesha nyuma ya garaji, kwenye mzoga wa 504 iliyogongwa na treni miaka mitatu nyuma, kisha akaonyesha kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka mashua ya mtu. "Ziko pale. Bado hazijajua kama ni nyekundu."

Augustin alifanya kazi yake kama Mkristo, kadiri kazi ile ilivyoruhusu. Alizifungua etrie za mzoga, akazisafisha, akazipaka rangi, akabadilisha mipira yake, akatia plakete mpya, akatoa hewa kwenye mafuta ya freni. Kwa plakete mpya hata punda angesimama. Papa Barnabé aliendesha mpaka bandarini, akakanyaga, gari likasimama kimya kabisa, na kofia yake ikaendelea na safari. Alirudi machozi yanamlengalenga. "Nguvu ya farasi," alisema. "Nimeisikia."

"Na hizi za zamani, Papa," alisema Évariste akionyesha etrie zilizotoka kwenye gari lake, nzima kabisa, "mimi nitakutupia. Usijichafue."

Mpango wote ulikuwa huo, na uzuri wake ulikuwa kwamba haukuwa na mwisho. Etrie za Barnabé zilisuguliwa, zikapakwa rangi, zikakauka juani siku mbili. Siku ya tatu Papa Célestin aliingia garajini bila salamu. "Ile kintu nyekundu ya Barnabé," alisema, "iko na kubwa yake?" Alifungiwa etrie za Barnabé. Alilipa mabati thelathini. Etrie za Célestin nazo zikaingia kwenye kopo zikingoja mwingine. Mtaji wa Évariste ulikuwa jozi moja ya chuma na ulimi, na kila alipouza, jozi ilirudi.

Wa tatu alikuwa Mama Kapinga, na huyu hakuja kwa ajili ya kuonekana. Mama Kapinga alikuwa na 504 kamioneti iliyopeleka samaki Nyunzu kila wiki, ikiendeshwa na mpwa wake Jérôme, mtu mzima mwenye watoto wanne na mazungumzo haba. Alisimama mikono kiunoni, mama mfupi mwenye sauti ya kupimia uzito.

"Ingénieur. Nikipakia gunia kumi na tano za mikebuka, ule mulima unanisukuma kama deni. Freni zako zitanishika?"

"Mama, kwa hizi unaweza kuongeza gunia tano. Mulima utakuomba musamaha."

Gunia tano za nyongeza! Hata mtu mwenye akili ana mahali pake pa kukunwa. Mama Kapinga alikubali kulipa magunia matatu ya samaki, na kesho yake akaleta gari.

Siku hiyo Augustin alikaa muda mrefu na etrie mkononi, ile ya kushoto ya Célestin. Alikuwa akisukuma pistoni yake kwa kidole gumba, ikienda, haitaki kurudi.

"Évariste. Hii inakwama. Itavuta gari upande moja. Na ile kamioneti inabeba muzigo. Muntu atakufa."

Évariste alifikiria nyumba. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Tangu jana alikuwa akipita pale na kusimama ndani ya chumba ambacho kingekuwa sebule, akiangalia ziwa kupitia tundu ambalo lingekuwa dirisha. 

"Piga musasa," alisema mwishowe. "Tia mafuta. Itakwamuka yenyewe njiani."

"Na sehemu yangu? Ulisema nusu kwa nusu. Nimeona mifuko miwili."

"Tutagawana paa likikaa, ndugu yangu. Huwezi kugawa nyumba ikiwa bado haina kichwa."

Augustin alipiga msasa mpaka jioni, akamwambia Jérôme ashuke milima polepole, akafunga. Etrie za Mama Kapinga, zilizonunuliwa Lubumbashi mwezi uliopita tu, ziliingia kwenye kopo, zikafungwa kwenye 504 ya Papa Apollinaire wa posta, aliyelipa milango miwili na fremu za madirisha. Za Apollinaire zikabaki garajini, nyekundu, zikingoja bahati nyingine.

Na nyumba ikasimama. Mabati yaling'aa mpaka wavuvi walisema wanayaona wakiwa ziwani. Dorothée alikuja kuiona, akaizunguka mara mbili, akagonga ukuta kwa ngumi. "Nyumba imesimama," alisema. "Sasa tungoje kama na wewe utasimama." Kwa Dorothée hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Évariste alilala usiku huo akitabasamu.

Wiki haikuisha. Habari ikaletwa na dereva wa lori: kamioneti ya Mama Kapinga imeingia mtaroni kwenye mteremko wa njia ya Nyunzu, samaki wamemwagika barabara nzima, watu wa kijiji wamesherehekea. Kama kuna aliyekufa, dereva wa lori hakujua.

Siku tatu Évariste hakula. Alikaa kwenye nyumba yake mpya bila kufungua mlango ingawa jua lilikuwa nje. Aliuliza bandarini, aliuliza sokoni, na kila alipouliza alifanya kama anauliza bei ya samaki. Siku ya nne alimwona Mama Kapinga akija garajini kwa miguu, bandeji kwenye kiwiko, na nyuma yake Jérôme, mzima. Évariste alitafuta pa kukimbilia. Palikuwa na mzoga wa 504 peke yake.

"Ingénieur!" Mama Kapinga alimshika mikono yote miwili. "Mutoto wa mama yangu! Zimetuokoa!"

"Nini imewaokoa, Mama?"

"Freni zako! Gari lilivuta kushoto, likaingia mutaroni kidogo tu. Ingekuwa freni za zamani, Jérôme tungemuzika na mimi pembeni. Wewe unajua samaki ngapi nimepoteza? Hata sihesabu. Uhai hauna bei."

 Nafuu ikiwa kubwa hulevya, naye Évariste alilewa pale pale. "Mama, nilikwambia," alisema. "Mulima utaomba musamaha."

"Umeniambia. Na tena kuna Papa moja, mugeni, ameshuka kwenye meli ya Bujumbura. Aliona gari yangu, akauliza hizi nyekundu nimetoa wapi. Nimutume kwako?"

"Mutume, Mama," alisema Évariste. Augustin alikuwa chini ya gari la mtu, na miguu yake haikutikisika.

Mgeni alifika Jumatano. Alivaa suti nyeusi, kravati, viatu vilivyoonekana kuumiza, na alishika sanduku la ngozi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Alisema anaitwa Papa Jean-Baptiste. Alizungumza polepole, kila neno limepigwa pasi.

"Ninatumwa kutafuta etrie nyekundu. Kuko rali Bujumbura, magari matano, na muda ni mufupi. Meli inaondoka Jumamosi."

"Ninaweza kuagiza mupya kabisa, Papa, ndani ya karatoni."

"Hapana, hapana." Mgeni alitikisa kichwa kwa huzuni. "Za karatoni ninaziogopa. Nyingi ni za uongo, rangi tu. Ninataka zile zimekwisha kushuka milima na muntu akabaki hai. Kama za yule mama. Dunia imejaa watu wabaya, Ingénieur."

"Imejaa, Papa," alisema Évariste, na aliumia kweli.

Papa Jean-Baptiste alifungua sanduku kidogo. Ndani kulikuwa na bahasha nene. Alichomoa noti moja ya dola ishirini, akaiweka juu ya kifuniko cha injini kama mtu anayeweka mbegu. "Hii ni ya mwanzo. Kwa kila jozi, Jumamosi bandarini, mia tatu."

Usiku huo hakuna aliyelala kwa Évariste, na humo alikuwa yeye peke yake. Dola elfu moja na mia tano! Angejenga nyumba ya pili, angempangisha mtu, angeweka kibao. Jozi moja alikuwa nayo garajini. Nne zilikuwa kwenye magari ya watu, na watu hao walipaswa kuziachia kwa siku tatu tu. Baada ya hapo angewaletea zingine kutoka popote duniani.

Asubuhi alianza na Papa Barnabé. Alimweleza kwamba kiwanda kinazirudisha nyekundu, kinaleta za bluu, zenye nguvu ya farasi mara tatu.

Papa Barnabé alisikiliza huku akila karanga. "Mimi nyekundu zinanitosha."

"Papa, kwa wewe kama muntu wa kwanza..."

"Nirudishie simenti yangu, nitafikiri."

"Papa, simenti imekwisha kuwa ukuta."

"Basi nirudishie ile bado haijakuwa ukuta. Na baiskeli. Na ile redio yako, inashika Kigoma vizuri."

Évariste alihesabu dola kichwani, akakubali. Mifuko minane, baiskeli na redio vilivuka barabara siku ile ile, na gari la Papa Barnabé likabaki juu ya mawe.

Papa Célestin alitaka mabati yake, thelathini, si ishirini na tisa, na alitaka Évariste ayashushe mwenyewe. Kwa hiyo saa sita ya mchana, jua likichoma, Ingénieur alikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe aking'oa misumari aliyoigongea wiki mbili zilizopita. Kila bati lilipoteremka sebule ilipata mwanga zaidi. Papa Apollinaire wa posta alikuja na watu wawili na kubeba milango bila maneno mengi. Alisema tu kwamba mtu wa posta amezoea vitu kurudi kwa aliyetuma.

Mama Kapinga ndiye aliyekuwa na upole. Yeye hakutaka samaki. "Samaki zimekwisha kuliwa, tutazidai kwa nani? Niachie tu karatasi ya parseli yako mupaka uniletee hizo za bluu. Ni kwa ajili ya Jérôme, anaogopa gari kukaa bila freni."

Karatasi ya kiwanja! Évariste aliishika mfukoni muda mrefu. Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na jina lake lote. Kisha akafikiria bahasha ile nene, akaitoa.

Dorothée alipita jioni, akasimama pale mlango ulipokuwa. Aliangalia juu, akaona anga.

"Jana nilikuwa na mudogo mwenye nyumba," alisema. "Leo niko na mudogo mwenye ukuta."

"Yaya, dada yangu, ngoja Jumamosi."

"Nimekungoja miaka arobaini. Jumamosi ni nini?"

Jumamosi asubuhi Évariste alivaa kravati, akapakia etrie kumi nyekundu kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe, kwa sababu Augustin alisema mgongo unamuuma. Chuma ni kizito, na njia ya bandarini ina mawe. Alipofika, meli ilikuwa pale kweli, watu wakipakia vitunguu. Pembeni, kwenye banda la mama wa chai, walikuwa wamekaa Papa Barnabé, Papa Célestin, Papa Apollinaire na Mama Kapinga kwenye benchi moja, kama watu wanaongoja ubatizo. Redio ya Évariste ilikuwa juu ya meza, ikiimba. Na katikati yao, amevaa kaptula na ndala, akichovya mkate kwenye chai, alikuwa Papa Jean-Baptiste.

"Karibu, Ingénieur," alisema Mama Kapinga. "Huyu ni mudogo yangu wa tumbo moja. Ni katekista kule Ankoro. Suti ni ya Papa Célestin, sanduku ni la posta."

Évariste aliushusha mkokoteni. 

"Papa katekista," alisema kwa sauti ndogo, "ulidanganya."

Jean-Baptiste alifikiri kwa uaminifu. "Nilisema nimetumwa. Nimetumwa na dada yangu. Nilisema dunia imejaa watu wabaya. Hapo Bujumbura, kweli, niliteleza. Nitaungama." Alimeza mkate. "Lakini magari siyajui kabisa. Sisi Ankoro tuko na mitumbwi, na mutumbwi hauna freni. Ile noti ya ishirini, tafadhali, ni ya parokia. Bahasha iliyobaki yote ilikuwa karatasi za nyimbo."

Évariste akaitoa.

"Nani aliwaambia?" aliuliza.

"Mimi." Augustin alikuwa nyuma ya mkokoteni, mgongo umepona. "Mama alitoka mutaroni, akakuja kuniuliza. Nikamujibu. Jambo lilikuwa hilo tu, Évariste. Hakuna muntu alikuwa amekwisha kuniuliza." Akaushika mkokoteni kwa mkono mmoja. "Jérôme alitokea kwa dirisha. Wewe ungemuambia nini muke wake?"

Hapo hakuna aliyecheka. Jérôme mwenyewe alikuwa amesimama kando, akiangalia meli. Évariste alimwangalia yule mtu, shati lake, mikono yake miwili mizima, na ule utando wa maneno aliokuwa akiusuka kichwani tangu alipowaona ukakatika. "Nisamehe, Jérôme," alisema. Neno hilo halikuwa na pambo lolote, na labda ndiyo sababu Jérôme aliitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema Mama Kapinga akiinuka. "Sukuma mukokoteni. Unarudi garajini, na kila etrie inarudi kwa baba yake."

Kazi ilichukua siku nzima. Wenye magari walikaa kwenye viti kivulini na chupa za bia, ambazo kwa namna isiyoeleweka ziliandikwa kwenye jina la Évariste, na Augustin aliamuru kwa kidole. Évariste alilala chini mgongoni, kravati ndani ya mafuta, akikaza, akilegeza, akitoa hewa, akinywa kidogo mafuta ya freni bila kukusudia. Augustin alizitambua zote kama mchungaji na mbuzi wake. Alipomkabidhi Papa Célestin jozi yake, Célestin aliigeuza geuza.

"Hii yenye kukwama ni yangu?"

"Njo yako, Papa. Imekwama tangu zamani."

"Kumbe!" alisema Célestin. "Miaka miwili nilifikiri barabara ya Kalemie imeinama kushoto." Pistoni mpya ilinunuliwa, kwa viatu vya Ingénieur.

Rangi ilikuwa bado. Évariste alichukua msasa ili azirudishe etrie za Barnabé kwenye rangi yake ya chuma, kama ilivyo haki. Papa Barnabé akaja taratibu, akainama kwa shida karibu na gurudumu, akaangalia kulia na kushoto.

"Hii rangi," alinong'ona, "iache."

"Papa, ni rangi ya mashua."

"Najua ni rangi ya mashua. Mujinga ni nani hapa? Iache. Watu wa Lukuga wamekwisha kuzoea."

Hazikupita dakika kumi, Papa Célestin naye akaja kuinama. Kisha Papa Apollinaire, kwa niaba ya posta. Zote zikabaki nyekundu, na mahali zilipokwaruzwa Évariste alitia rangi upya kwa brashi, bure, huku wakimwelekeza asivuke mstari.

Jua lilipoanza kushuka Mama Kapinga alitoa karatasi ya kiwanja, akaikunjua, akaisoma yote kwa sauti, akaikunja tena na kuirudisha ndani ya kitambaa chake cha kifuani.

"Mabati na milango ni ya wenyewe, wamechukua. Hii sitaiuza. Lakini samaki zangu zimeliwa na kijiji kizima, na wewe huna samaki. Uko na mudomo. Nimekuona unauza rangi kwa bei ya simenti kwa watu wazima. Mudomo kama huo kuozea garajini ni zambi. Kesho unapanda na Jérôme, unaniuzia samaki Nyunzu. Safari kumi na mbili, karatasi inarudi."

"Mama, mimi ni Ingénieur."

"Njo nakwambia. Ingénieur wa samaki."

Dorothée alisikia habari kabla ndugu yake hajafika nyumbani. Alimwekea ugali, akamwangalia akila. Asubuhi aligonga mlango, lakini hakuuliza swali lake. Alisema tu, "Amuka, gari linangoja," akampa sweta.

Évariste alikwenda moja kwa moja kupanda nyuma, juu ya magunia, mahali ambapo mtu anaweza kuruka. Mama Kapinga alipiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Hapana. Mbele. Nyuma muntu haoni freni."

Wakaondoka. Reli ikabaki kushoto, vijiji vikapita, na Jérôme, kama kawaida yake, aliangalia barabara tu. Kisha barabara ikapinda, na mbele yao mteremko ukafunguka wote, mrefu, mwekundu, na chini kabisa mtaro ukiwa bado na magamba ya samaki yanayometameta. Kamioneti ilikuwa na magunia kumi na tano. Jérôme aliweka mguu kwenye freni. Gari lilishuka kwa adabu, bila kuvuta kushoto wala kulia.

Lilipofika chini Jérôme aligeuka, na maneno yake ya kwanza tangu Kalemie yakatoka.

"Ingénieur, unakanyaga nini?"

Évariste aliangalia miguu yake. Yote miwili ilikuwa imenyooka mbele, imekandamiza sakafu pale ambapo hapakuwa na kitu, na mkono wake mmoja umeshika mlango na mwingine kravati.

"Nakusaidia, ndugu yangu," alisema. "Endelea tu. Nakusaidia."